Mshenga Aliyesema Kweli

Kabla hajawa balozi, kabla wakubwa wa nchi hawajaanza kumngoja uwanja wa ndege, yule Mmarekani alikuwa mshenga wa posa yangu. Kazi ile ilimshinda. Nalisema hili mapema kwa sababu nimesikia redioni mara nyingi kwamba mtu huyu hajawahi kushindwa kupatanisha pande mbili, na kila nikisikia hivyo hucheka peke yangu jikoni mpaka wajukuu wanachungulia.

Alikuja Korogwe miaka michache baada ya Uhuru, mmoja wa wale vijana wa kujitolea waliotumwa kufundisha sayansi na hesabu. Mimi nilikuwa mwalimu mpya wa shule ya msingi, nimetoka chuoni na chaki yangu bado ndefu. Alikuwa mrefu, mwekundu wa jua, na Kiswahili chake kilikuwa safi kuliko cha afisa elimu. Tatizo lake lilikuwa moja: ukimuuliza swali, alijibu.

Siku ya kutambulishwa kwa wazazi wa wanafunzi, mzee mmoja alimuuliza kwa adabu kwao wanafanya kazi gani. Akasema kwao ni mji mdogo uliozungukwa na mashamba ya mahindi, mama yake anashona nguo za watu, na baba yake anafuga nguruwe. Wazee wakatazamana. Waliokuwa wamempa mkono wakaanza kujifuta taratibu kwenye kanzu. Baadaye mwalimu mkuu alimwita pembeni akamshauri, siku nyingine akiulizwa, aseme mbuzi.

"Lakini ni nguruwe," akajibu.

Alinieleza kwamba kwao mtoto alilelewa hivyo. Mtu akikuuliza jambo, maana yake anataka kulijua. Nilimwonea huruma. Mtu mzima, ana digrii, amevuka bahari, na hajui kwamba maswali mengi duniani huulizwa kwa ajili ya heshima tu.

Alikaa nyumba moja na mwalimu mwenzetu, kijana wa Handeni, na huyo ndiye niliyempenda. Nasema wazi, maana wanangu hudhani nililazimishwa. Alivaa soksi hata wakati wa kiangazi. Alisoma gazeti kwa sauti kwenye kibaraza cha shule, na alipofika penye neno "maendeleo" alinyanyua kidole, nami nilihisi kana kwamba maendeleo yenyewe yananijia mimi. Nyumba njema si mlango, bibi yangu alinionya. Mimi nilikuwa bado naangalia mlango.

Kulikuwa na haraka. Baba yangu, mkulima wa Mashewa mwenye mashamba ya mihogo na mahindi, alikuwa na mtu mwingine mkononi: mzee wa Mazinde mwenye lori, wake wawili, na meno aliyoyahesabu vizuri kwa kuwa hayakuwa mengi. Mzee huyo hakutaka mke anayefundisha. Alisema mke wa mwenye lori akionekana na chaki, watu watadhani lori limeharibika. Baba alikuwa amemwahidi jibu baada ya Idi. Kwa hiyo posa ya mwalimu wangu ikikataliwa, mimi ningekwenda Mazinde kuwa wa tatu, na chaki ningeiacha Korogwe.

Ungedhani mchumba wangu angetafuta mshenga mwenye mvi. Akamtuma mjomba wake, sawa, lakini akamwongezea Mmarekani, kwa hesabu kwamba baba akimwona mzungu ameshuka kwenye pikipiki uani kwake atalainika. Yeye mwenyewe hakuonekana hata Mashewa siku hiyo. Alikuwa na shangazi Mombo, mgonjwa mgonjwa, na asubuhi ile ya posa hali ya shangazi ilibadilika ghafla.

Mipango ilikuwa mjomba aseme, mzungu aonekane. Walikaribishwa, wakakaa, wakasalimiana mpaka salamu zikaisha. Mimi na bibi yangu tulikuwa nyuma ya pazia la mlango wa ndani, tumebanana, na bibi ananuka tumbaku. Mjomba akaanza vizuri kabisa: tumepita, tumeona jiko, tunaomba moto. Baba akaguna kwa kuridhika. Halafu akamgeukia mgeni, kwa heshima tu, kama wanavyofanya watu wote waliolelewa.

"Na wewe bwana mwalimu, unakaa na kijana wetu nyumba moja. Ana kasoro gani tuijue?"

Kila mtu katika wilaya ile alijua jibu. Unasema: kasoro yake ni kupenda kula. Au unasema: kasoro hazikosekani kwa binadamu, ila sisi hatujaziona. Watu wanacheka, mazungumzo yanaendelea. Mmarekani akafikiri. Nilimwona kwenye upenyo wa pazia, anafikiri kweli.

"Anayo," akasema. "Jambo likiwa gumu, huondoka. Alianza kujenga banda la kuku, mvua ikaja, akaondoka, nikalimaliza mimi. Wanafunzi walipogoma, aliondoka. Husema shangazi yake wa Mombo anaumwa. Lakini ni mtu mwema sana, ananichekesha, na anapika wali vizuri kuliko mimi."

Msema kweli ni mpenzi wa Mungu. Hakuna aliyeahidi kuwa atakuwa pia mpenzi wa baba mkwe. Mjomba alitazama mkeka kama aliyedondosha sindano. Halafu baba akasema polepole kwamba amewaelewa waliomtuma: wamemletea mtu ndani ya nyumba yake aje kumkejeli. Hata la kuoza binti kwa mwanamume anayepika wali angeweza kulifikiria. Lakini la kejeli, hapana. Akashika magoti yake ili asimame, na nilijua akishasimama tu, mimi ni wa Mazinde.

Sikulia. Hasira ilikuwa imezidi kilio. Nilitaka kutoka pale nyuma ya pazia nimpige yule mzungu kwa mwiko.

Aliyetoka ni bibi. Alitoka anapiga makofi na kucheka, mwanamke mkongwe asiye na jino la mbele, akaenda moja kwa moja mpaka kwa Mmarekani akamvua kofia, akaivaa yeye.

"Mtani huyu katuweza," akamwambia baba. "Na wewe mwanangu unanuna? Tangu lini mtu ananunia utani?"

Baba akauliza mzungu awe mtani wetu kwa njia gani. Bibi akaketi kabisa, kofia kichwani, akafundisha historia.

"Mnyamwezi alipita hapa na mizigo, akang'oa mihogo yetu bila kuuliza, ndipo utani ukaanza. Huyu je? Ile njaa, Uhuru bado mbichi, si watu wa kwao waliotuletea mahindi ya njano? Mahindi wanayolisha mifugo yao. Tukala, tukaendesha wiki nzima. Sasa kama huo si utani, ni nini?"

Mjomba ndiye aliyecheka kwanza, kwa sauti ya mtu aliyeokolewa majini. Baba alijaribu kujizuia. Kwetu, mtu anayemkasirikia mtani ndiye anayeaibika, na baba aliiogopa aibu kuliko alivyomwogopa mzee wa Mazinde. Akakaa tena. Mabega yake yakaanza kutikisika.

Mmarekani peke yake hakucheka. Akainua mkono kama mwanafunzi.

"Lakini bibi, mimi sikutania. Ni kweli huondoka."

Hapo ndipo nyumba ilipovunjika kwa kicheko. Mjomba alijipiga mapaja. Baba alifuta machozi. Kadiri Mmarekani alivyosisitiza kwamba anasema kweli, ndivyo alivyozidi kuwa mtani bora, na bibi akamtoza faini ya pakiti ya majani ya chai kwa kutukana ukoo. Nilimwona mzungu anatazama nyuso zile moja moja. Alinitazama na mimi, kwa kuwa pazia lilikuwa limesogea, nami nilikuwa nacheka. Akafumba mdomo. Ninavyoelewa mimi, balozi alizaliwa dakika ile, na mkunga alikuwa bibi yangu. Posa ikapokelewa kabla ya jua kugeuka.

Miaka yake miwili ya kujitolea ilipoisha, Mmarekani akarudi kwao. Baada ya hapo tulimsikia kwa vipande: amekuwa karani ubalozini mahali fulani, amekuwa msaidizi wa mkubwa, amekuwa mkubwa. Gazeti lilieleza kwa mshangao mbinu yake. Ujumbe wa nchi moja ukiutukana ujumbe wa nchi nyingine mezani, yeye husema kwa utulivu kwamba hayo ni maneno ya ndugu, ndugu hutaniana, na watu waliokuwa wanakusanya makaratasi yao wanakaa tena. Mwandishi alidhani ni elimu ya chuo kikuu. Mimi nilinusa tumbaku ya bibi.

Na ndoa yangu? Tulihamia Handeni, kwao, na Ujamaa ukaja ukatukuta huko. Mume wangu aliueleza vizuri kuliko mtu yeyote wilayani. Watu walihamia kijiji kipya huku wamebeba milango yao vichwani, na yeye akiwahutubia walisahau uzito wa mlango. Sisi tulipewa kiwanja kama wengine. Alipandisha kuta mpaka usawa wa dirisha, kisha shangazi wa Mombo akazidiwa. Kutoka Mombo akaitwa semina, kutoka semina akaenda Dar es Salaam, na barua zake zilikuwa nzuri sana. Niliinua kuta zilizobaki na akina mama wa kijiji, nikaezeka, nikapiga lipu. Alirudi nyumba imekauka, akaisifu, akanyanyua kidole chake kuhusu nguvu ya umoja.

Hakunipiga, hakulewa, hakuoa mwingine. Shangazi peke yake ndiye aliyekuwa mke mwenzangu. Mtoto wa kwanza alipozaliwa, shangazi alikuwa mahututi. Tulipopata mwaka wa njaa, alikuwa mahututi tena. Alipokufa kweli, nilipanda basi na watoto nikaenda Mombo kumzika, na mume wangu hakuwepo. Alikuwa ameondoka kidogo.

Niliumia. Siwezi kufunika hilo kwa utani, maana nimeshaona utani unavyofunika. Usiku mwingine nilimkumbuka yule kijana wa nguruwe, mkono juu, anasema ni kweli huondoka, na mimi nyuma ya pazia ninacheka na wengine. Mtu mmoja tu katika maisha yangu aliniambia nilichohitaji kujua, na tukamtoza majani ya chai.

Alikuja tena Korogwe nikiwa nimeshastaafu, na sisi tumesharudi huku mjini. Nywele zake zilikuwa nyeupe, na alifuatana na magari. Shule yetu ya zamani ikampokea kwa viti vya plastiki, turubai na keki. Alihutubia kwa Kiswahili kilekile, akaeleza kwamba diplomasia alijifunzia Mashewa. Alisimulia posa yangu. Ila katika masimulizi yake, alimtania baba mkwe kidogo, bibi mwenye hekima akamwelewa, na ndoa ikasimama mpaka leo. Watu wakapiga makofi. Mshereheshaji akatangaza kwamba mume wa bibi harusi yule atasimama baadaye kidogo kutoa neno la shukrani kuhusu ndoa hiyo. Nikamwona mume wangu, na soda yake, anakaa vizuri kwenye kiti.

Wakati wa chakula nilimsogelea balozi. Tulikuwa bado tunaitana mwalimu.

"Mwalimu," nikamwambia, "nikuulize jambo moja. Siku ile kwa baba, ulikuwa unatania?"

Alinitazama. Nilijua analikumbuka banda la kuku. Nilisubiri kama nilivyosubiri nyuma ya pazia, ila safari hii nilitaka aseme. Nilitaka mtu mmoja kabla sijafa aseme mbele yangu kwamba lile lilikuwa kweli na kwamba aliliona.

"Mwalimu," akasema kwa upole mkubwa, "muhimu ni kwamba pande zote mbili ziliridhika."

Kabla sijamjibu, mama mmoja wa kamati ya chakula akaja na sinia mkononi, akainama sikioni kwangu lakini kwa sauti ya kamati.

"Mama, mzee ameondoka. Amesema usimngoje, na hiyo hotuba mtafute mtu mwingine. Shangazi yake wa Mombo amezidiwa."

Balozi alisikia. Alikuwa anajua hesabu, hata ya umri wa shangazi. Ndiyo aliyokuja kutufundisha. Kwa muda mfupi uso wake ulibadilika, mkono ukainuka kutoka mezani, na nikamwona yule mvulana wa nguruwe, amefungua mdomo kujibu. Halafu akaushusha mkono, akatengeneza tai.

"Poleni sana," akasema. "Tumwombee apone."

"Amina," nikasema.