Boga Moja la Getruda

Saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Chapwa, Tunduma. Getruda Mbonile ameinama nyuma ya nyumba yake, sufuria mkononi, anachuma maua ya maboga kabla jua halijayafumba. Anachuma manne, anaacha moja la nyuki. Kila baada ya hatua mbili anajishika kiuno.

"Mgongo huu siyo wangu tena," anasema.

Ana miaka hamsini na mbili. Kwa miaka kumi na tisa amekuwa akipika nyumbani kwake mboga ya maua kwa karanga za kutwanga, na kuwauzia vibarua wanaopakia mizigo mpakani. Sahani moja na ugali ni shilingi elfu mbili.

Mbegu alipewa na mama yake, kule Ileje, siku alipoolewa. Mama ameshafariki, na boga la aina hiyo, lenye maua mengi kupita kiasi, amelitafuta mpaka Mlowo hakulipata. Kila mwaka huacha machache yakomae, akakausha mbegu.

Mwaka huu nusura ziishe. Februari taifodi ilimlaza wiki tatu, mumewe Yonasi akashika jiko. Bwana huyu amekulia Momba akichunga ng'ombe. Kwake ua ni ua tu. Akaona mengine yana kijivimbe cha kijani chini yake, akayapenda hayo kwa sababu yamenona. Akayachuma yote, akapika, na wateja, Mungu awasamehe, wakamsifu.

Kijivimbe kile ndicho boga lenyewe. Maua ya kuchuma ni yale ya kiume, yenye kikonyo chembamba kitupu.

"Nilipoamka nikakuta bustani haina boga," anasema Getruda. "Nikakaa chini nikalia. Niliona kama namzika mama mara ya pili."

"Mama Pendo, nilitaka kukusaidia," Yonasi anasema kutoka mlangoni.

"Najua, baba Pendo. Ndiyo maana hata kukugombeza nimeshindwa."

Limepatikana boga moja tu, lililotokea kwa kuchelewa karibu na uzio. Mvua zinaisha, kwa hiyo Yonasi hulimwagilia jioni, na amelizungushia miiba kwa ajili ya mbuzi wa jirani.

"Siku hizi analiamkia hilo kwanza, ndipo aniamkie mimi," mkewe anasema, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii anacheka.

Yonasi anasogea, anashika ua moja na kulichungulia chini.

"Hili?"

"Tazama shingo."

Anatazama kwa muda mrefu. "La kiume."

"Haya, chuma."

Boga likikomaa, Getruda atakausha mbegu zote, na mvua zijazo Yonasi ndiye atakayepanda na kuchuma.

"Wiki tatu nimelala kwa ugonjwa," anasema, akijiketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nataka siku moja tu nilale kwa raha, mpaka jua liingie dirishani, mtu mwingine akiwa huku kwenye maua."