Mfalme wa Mikorosho Michanga

Nilipomaliza darasa la saba sikuchaguliwa kuendelea, nikapelekwa Kipatimu kwa mama mdogo aliyekuwa akipika misheni. Huko ndiko nilikopatia wazimu wa kuigiza. Mwalimu mmoja mrefu, mwenye kaunda suti ya kijivu isiyobadilika, alitukusanya vijana kila Jumamosi akatufundisha mchezo alioutunga mwenyewe kwa mtindo wa Wayunani wa kale. Mfalme wake ameonywa asivuke mto. Anavuka. Sisi wasichana tulikuwa kundi la waimbaji: tunasimama pembeni, tunaona kila kitu, tunaimba mambo yanavyokwenda, na mfalme anapoelekea mtoni hatumgusi.

Mimi nilimgusa. Katika mazoezi ya kwanza nilitoka mstarini nikamdaka shati. Watu walicheka mpaka wakakaa chini.

“Wewe, rudi!” mwalimu akafoka. “Kazi yako ni kuona na kusema. Ukimshika hakuna tanzia.”

“Lakini anakwenda kufa, Mwalimu.”

“Anajua. Ameambiwa.”

“Sasa mbona anakwenda?”

Mwalimu akajikuna kidevu. “Mimi na wewe tukiambiwa mto umejaa, tunarudi nyumbani kula muhogo. Yeye ni mfalme. Akirudi, watu watasema ameogopa.”

Akatueleza kwamba shujaa wa tanzia si mtu mbaya. Angekuwa mbaya, nani angemlilia? Ni mtu mzuri mwenye kiburi, na majaaliwa yake yanamngoja mbele kama shimo njiani. Kila hatua anayopiga kulikwepa ndiyo inayompeleka. Nilirudi jikoni kwa mama mdogo nikamenya viazi huku namlilia mfalme ambaye, kwa kweli, alikuwa kijana wa fundi baiskeli.

Mwaka uliofuata nilihamia Mitole kwa mjomba, kaka yake mama, kumsaidia mkewe kazi. Ilikuwa ile miaka ya ruksa, wanunuzi binafsi walipoanza kuingia na malori yao kutafuta korosho, na mjomba alikuwa amepanda juu. Nyumba yake ilikuwa ya bati. Alikuwa na bomba lake mwenyewe la kupulizia salfa, dawa ya mikorosho, tena hakumwazima mtu. Lakini fahari yake hasa ilikuwa mikorosho michanga, mbegu mpya aliyoifuata mbali, aliyoipanda kwa kamba iliyonyooka kati ya mikorosho mikuukuu ya marehemu babu na pori. Mwaka ule ndiyo ilikuwa inatoa maua kwa mara ya kwanza. Asubuhi aliizungukia akiigusa majani, na mimi nilimpenda sana akiwa hivyo, maana uso wake ulikuwa wa mtoto.

Zamani kila kiangazi kijiji kizima kilitoka kusafisha kinga ya moto, ule ukanda mtupu unaozunguka mashamba ili moto wa porini usipite. Mjomba alikuwa ameacha kwenda. Jirani yetu wa kaskazini, Mkristo aliyehamia kutoka uwanda wa Makonde, alikuja kumwita.

“Mzee, wenzako tunaanza kesho.”

“Soko huria, bwana. Kila mtu na shamba lake. Wewe kasafishe kwako, unafuga nyasi kama mbuzi.”

“Haya. Lakini mbuzi hao wakishika moto, mzee, hawaulizi mpaka.”

Mjomba akacheka. Jirani hakucheka.

Katika siku hizo mke wa mjomba alikwenda kwa siri kwa mpiga ramli, upande wa Kikole, kwa ajili ya mgongo wake. Yule mtu hakugusia mgongo. Alimwambia: kabla korosho hazijaanguka, moto utaingia shambani kwenu. Mama wa watu akarudi, akamwambia mumewe mbele yangu.

“Upuuzi,” mjomba akasema. “Tena ni dhambi. Umesali lakini?”

Lakini tangu siku ile hakulala vizuri. Alitoka nje mara kwa mara kunusa upepo. Angeweza kwenda kwa jirani na kusema tu, “Njooni tusafishe pamoja.” Asingeweza kusema kwa nini amebadili mawazo. Mtu aliyemcheka mwenzake jana, leo akimfuata kwa ajili ya ramli? Kijiji kingemwimba.

Basi akaamua kuchoma majani ya kinga yake mwenyewe, ukingoni mwa pori, kimya kimya. Kwetu huwashi moto bila kuwaarifu wanaopakana nawe. Wanakuja na majembe, wanasimama kwao, ndipo kiberiti kinawashwa. Mjomba aliwasha bila kumwambia mtu, mchana, kusi likivuma, kwa sababu wakati ule wenzake walikuwa msibani. Alinichukua mimi nishike tawi bichi la kuzimia moto.

“Mjomba, upepo huu…”

“Piga hapo, mwigizaji. Acha maneno.”

Mwanzoni moto ulitii. Ulikwenda taratibu ukila majani, mjomba akawa anapiga mluzi. Kisha upepo ukaja kwa nguvu, ule wa ghafla unaoinua kanga kichwani, na cheche zikaruka juu ya vichwa vyetu zikaangukia nyuma yetu, kwenye majani makavu chini ya mikorosho michanga.

Tulipiga. Wallahi tulipiga mpaka matawi yakabaki vijiti. Moto ukazidi kujitandaza, na mbele yake ilikuwa mikorosho ya babu, na mbele ya mikorosho ya babu lilikuwa shamba la jirani.

“Mjomba, piga yowe!”

Aliendelea kupiga kwa kijiti chake. Yowe la moto hulipiga mwenye shamba. Mwingine akilipiga, ni kama kumtangaza mwenyewe kuwa maiti. Nilimtazama usoni. Midomo ilikuwa inacheza, sauti haitoki. Nikaona kabisa mto ule na mfalme yule, nami pembeni na wimbo wangu. Mwalimu na anisamehe. Nikatupa tawi nikapiga yowe, tena na tena, mpaka koo likawasha.

“Nani kakutuma?” mjomba akaunguruma. Aliinua mkono. Nilidhani atanipiga. Aliushusha.

Walikuja mbio kutoka msibani, wengine na kanzu zao, jirani mbele akiwa na shoka. Aliangalia mara moja tu.

“Haushikiki kwa matawi huu. Tukate hii michanga yote, tuvute nje, tufagie chini. Ukifika mahali patupu utakufa.”

Hakuna aliyenyanyua panga. Mkorosho wa mtu haukatwi bila ulimi wake, hata moto ukiwa mlangoni. Wote wakamgeukia mjomba.

“Upepo utageuka,” akasema.

“Mzee.”

“Utageuka. Nipeni kidogo.”

“Mzee, kwangu nina watoto wanaolima pale! Sema neno!”

Mikorosho ya kwanza pembeni ikashika, maua yakalia tas-tas-tas kama chumvi mekoni. Mke wa mjomba alikuwa amefika na ndoo. Alipiga magoti akamshika mguu mumewe. Nami nilikuwa nalia waziwazi, wala sikuona haya.

Mjomba akamnyang’anya jirani shoka. Watu wakarudi nyuma. Akaenda kwenye mti wa kwanza, ule aliokuwa akianza nao kila asubuhi, akaupiga chini kabisa, mara mbili, ukalala.

“Kateni!” akapiga kelele, na sauti ikampasuka. “Kateni yote!”

Tulikata, tukavuta, tukafagia kwa mikono. Moto ulipenya pembeni ukala pembe moja ya mikorosho ya babu, lakini kwingine kote ulifika mahali patupu, ukasimama hapo unahema. Kwa jirani haukuvuka.

Baadaye tukakaa chini, weusi kwa masizi, wazee kwa vijana hatutambuani. Hakuna aliyemlaumu. Ndipo mjomba akasema, akitazama ardhi:

“Ramli ilisema moto utaniingilia. Nikaogopa. Niliwasha ili usije.”

Mtu akakohoa. Nikangoja kicheko.

“Ungesema, mzee,” jirani akajibu. “Hata mimi ramli naiogopa, na msalaba huu shingoni.”

Wachache wakacheka kidogo. Mjomba hakucheka. Aliinuka, akaanza kupita kwenye visiki, kimoja baada ya kingine, kwa kamba ile ile iliyonyooka, akiinama kushika kila kimoja. Nilimfuata na ndoo, maana mizizi mingine ilikuwa bado inafuka.

“Mimina hapa,” akaniambia. “Na hapa.”