Mashapo ya Mama

Wifi yangu Luciana hana kitu cha kuonewa wivu, na mimi namwonea kila kitu. Ni mfupi, sauti yake ya kukwaruza, na alikuja Itigi kutoka Kintinku na begi moja tu. Akaolewa na kaka yangu Gaspari, na magoti ya mama yetu yalipochoka, mama akamkabidhi pipa lake la wanzuki.

Mama alipika pombe ile ya asali kwa miaka thelathini. Pipa halikuwahi kuoshwa hadi chini. Kila akimaliza kuchuja, aliyaacha mashapo yake, akamimina asali mpya na maji ya uvuguvugu juu yake. Chachu iliishi humo.

"Mbona si mimi, mama?" nilimuuliza.

"Wewe Marietha una haraka," alinijibu, basi. Nikanuna miaka minne.

Mwezi wa tatu mwaka huu, Luciana akiwa kisimani, nilichota kikombe cha mashapo nikakificha kwenye dumu nyumbani kwangu. Nilimwagia asali tupu, nzito, bila tone la maji. Luciana huongeza maji, nikasema moyoni, mimi nitailisha chachu ya mama mpaka ivimbiwe. Siku tano nilitega sikio kwenye dumu. Hata povu moja halikutoka! Pipa la Luciana lilikuwa linachemka kwa furaha, nami nikilipita nilitamani kulipiga teke.

Mwalimu Idrissa, anayefundisha baiolojia, alikuja kununua asali. Pombe haonji, lakini nikamwonyesha dumu.

"Umeikaba," akasema. "Chachu ni chembe hai, ndogo kuliko macho yako yanavyoweza kuona. Kila chembe inakula sukari, inaigeuza kuwa nguvu, inajijenga. Ikishatimia ndipo inagawanyika, zinakuwa mbili. Bila nguvu haigawanyiki, inajizuia na kungoja."

"Ingoje nini, mwalimu? Si imezama kwenye chakula?"

"Asali nzito hivi inafyonza maji yaliyo ndani ya chembe. Chakula kimeizunguka pande zote, na haiwezi kukitumia. Ongeza maji."

Niliona kama ananisema mimi. Aliponipa kisogo nikaongeza maji ya uvuguvugu, na kesho yake jioni dumu likaanza kunong'ona. Nilicheka peke yangu.

Wiki mbili baadaye Luciana alikwenda msibani Kintinku. Gaspari, kwa mapenzi yake ya kijinga, akataka mkewe arudi akute pipa linang'aa. Alilisugua kwa sabuni na maji ya moto mpaka chini.

Nilipata habari nikafurahi. Sitaficha. Nililala usingizi mtamu.

Luciana aliporudi, alikuja moja kwa moja kwangu, vumbi la safari miguuni.

"Wifi, nimeua kitu cha mama," akasema, akakaa chini mlangoni.

Nimeua! Wala hakumtaja Gaspari. Hilo lilinikera kuliko yote, kwamba hata kwenye kulia ananizidi. Nilitaka kunyamaza. Ningenyamaza, chachu ya mama ingekuwa yangu peke yangu mji mzima. Lakini alikuwa anafuta machozi kwa upindo wa khanga, na ile khanga ilikuwa ya mama.

Nikaingia ndani nikatoka na dumu.

Alifungua, akanusa. Aliijua palepale.

"Tangu lini?" akauliza.

"Mwezi wa tatu."

Akachukua sufuria yangu iliyokuwa mlangoni, akaninyooshea. "Nigawie nusu, wifi."

"Sasa hivi haitoshi. Tukiigawa haijala, tutabaki na vinusu viwili vinavyongoja. Tuilishe kwanza, siku tatu."

Mimi, mwenye haraka, ndiye niliyesema hivyo. Siku tatu alikuja kila asubuhi tukaweka asali kidogo na maji, tukasikiliza pamoja. Ya nne tukaigawa, nusu ikarudi pipani.

Pombe ilipoiva tulimpelekea mama kikombe. "Shikamoo mama," tulisema, akaitikia, akaonja, akafumba macho.

"Hii ni yangu," akasema. "Gaspari amekiri kwamba aliliosha pipa. Sasa hii imetoka wapi?"

Nilifungua mdomo kusema kwamba niliiba. Luciana akaniwahi.

"Ni ya wifi, mama. Alikuwa ametunza akiba nyumbani kwake."

Mama akageuka, akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Marietha wangu," akasema.

Mkono huo niliungoja miaka minne. Nikaupata, na aliyenipa ni Luciana.