Kisu Alichokiazima Nelson

Mogesi wa Kisaka alikuwa mchunaji. Usimwite mchinjaji, atanuna mpaka jua lizame. Yeye alichuna nyati, pofu na nyamera katika kambi moja ya uwindaji wa leseni, na ngozi iliyopita mikononi mwake ilifika Ulaya ikatundikwa ukutani na kope zake zote. Mgeni akishapiga risasi na kupigiwa makofi, ndipo kazi inaanza, na kazi hiyo ilikuwa ya Mogesi.

Kisu chake kilifuliwa kwa springi ya Land Rover wakati Mogesi bado ana meno yote. Si vile vya kukunja. Ni chuma kimoja tangu ncha mpaka ndani ya mpini, na mpini umezungushiwa mpira wa tyubu. Kunolewa miaka nenda miaka rudi kulikuwa kumekila mpaka kikabaki chembamba, na Mogesi aliapa kwamba sasa ndiyo kitamu, maana kinazunguka jicho la nyati bila kutoboa. Hata hivyo hakukitumia ovyo. Aliingiza ngumi kati ya ngozi na nyama, akasukuma polepole, na kisu alikiita pale tu ngumi iliposhindwa. Hapo kambini kilichonga vigingi vya hema na kukatakata vitunguu, lakini kopo, hapana! Mpishi mmoja alikijaribu kwenye kopo la maharage, akatukanwa kwa Kikurya mpaka wageni wakauliza kuna msiba gani. Kazi ikiisha Mogesi alikifuta, akakipaka mafuta ya kondoo, akakirudisha kwenye ala yake.

Sasa, huyu Nelson. Yeye na Mogesi walitahiriwa msimu mmoja, na kwa Wakurya mjadala unaishia hapo. Mtu wa rika lako akija kuomba kitu, unampa. Kumuuliza cha nini ni kumtukana.

"Mura, niazime kisu chako," alisema Nelson asubuhi moja, akimwita kijana kama wana rika wa Kikurya waitanavyo, Mogesi yuko nyumbani mapumzikoni.

"Baba Simioni, hicho si kisu cha kazi?" Boke, mke wa Mogesi, akadakia.

Mogesi alimkata jicho, akakitoa kwa mikono miwili, na keshoye akarudi kambini na kisu cha jikoni cha Boke.

Kisu kikarudi bila Nelson. Kililetwa kambini na askari wa wanyamapori, waliokitambua kwa mpira wa mpini. Walikikuta ndani ya hifadhi, kando ya moto uliozimwa haraka haraka, nyama ya nyumbu imetandazwa juu ya fito inakauka, na wenyewe wameshakula kona.

"Mzee Mogesi, shikamoo," alisema Selestine, kijana msimamizi wa kambi. "Kisu hiki ni chako?"

"Marahaba. Ni changu."

"Nani alikuwa nacho?"

Jela Mogesi hakuiogopa. Siku zote hizo alikuwa kambini, hata askari wenyewe walikubali. Alichoogopa ni kufukuzwa. Kambi gani itamweka mchunaji ambaye kisu chake kinaonekana kwa majangili? Na kwa uzee ule, nani mwingine angemchukua? Lakini kumtaja mtu wa rika lake mbele ya askari, mdomo ulikataa kabisa. Akaomba wamsubiri mpaka kesho, mhusika atakuja mwenyewe.

Akadandia bodaboda mpaka kwa Nelson. Nelson alimsikiliza, akashika kichwa, machozi yakamlengalenga.

"Siwezi kukuacha uaibike, mura. Kesho nakuja. Nitasema ni mimi."

Mogesi alirudi kambini roho imetulia, akamsifu Nelson kwa Selestine mpaka akapitiliza.

Na Nelson alikuja kweli, shati limepigwa pasi. Akapewa kisu, akakigeuzageuza, akakunja uso.

"Hiki ni cha Mogesi. Nani asiyekijua? Mimi sijawahi kukiazima, na huwa anampa nani, sijui."

Loo! Mogesi alijisikia aibu kana kwamba yeye ndiye mwongo. Na sasa hata angemtaja, angeonekana mzee anayetafuta wa kumbambikia kesi. Selestine alimwambia kwa upole akakusanye vitu vyake. Kisu wakaondoka nacho askari.

Jumapili Nelson akatokea nyumbani kwa Mogesi. Ndiyo, alikuja kwa miguu yake! Jamani, kuna watu wana nyuso kavu. Boke alikuwa ameambiwa tu kwamba kazi imekwisha, basi akamkaribisha mgeni na kummiminia chai.

"Usinune, mura," Nelson alisema, akipuliza kikombe. "Hebu fikiri. Wewe ulikuwa kambini, hawakufungi. Mimi ningeozea ndani."

"Ungenyamaza basi. Kwa nini uliniahidi?"

"Ningekukatalia, ungenitaja." Nelson akacheka kidogo. "Mbona kisu ninacho changu, tena kikali. Nilikuja kuchukua chako makusudi. Kikipotea porini, wanakuja kwako, na wewe nilijua hutanitaja haraka. Mtu mwaminifu kama wewe hayupo Kisaka nzima."

Alisema hivyo kwa sauti ya kumsifia.

Boke aliweka birika chini, akamnyang'anya kikombe, chai ikammwagikia suruali. Nelson akamgeukia mwenzake, akingoja amkanye mkewe. Mogesi alikuwa amekaa vilevile. Kazi iliyokwenda alikwisha kuililia kimyakimya. Hili jipya lilimchoma upya, akashindwa kulificha.

"Kumbe ulinichagua," alisema. "Nelson, ulinichagua mimi kwa sababu nakupenda."