Mpiga picha wa Katesh na hadidiski asiyoiamini

Saa moja kasoro robo asubuhi, Philomena Bura amepiga magoti kwenye sakafu ya studio yake mjini Katesh, sikio ameliegemeza kwenye ubavu wa kompyuta. Redio ameizima. Jirani anayefagia mbele ya duka la mbegu anamsalimia kutoka nje, na Philomena anainua mkono kumwomba asubiri kidogo.

Anasikiliza kama dakika nzima. Kisha anainuka, anajipangusa magoti, anafungua programu ndogo kwenye skrini na kusoma namba mbili kwa sauti ya chini. Anaziandika kwenye daftari la shule, kando ya tarehe ya leo. Ndipo anafungua dirisha na kuitikia salamu.

"Inazunguka vizuri," anasema. "Lakini hata ile ya kwanza ilizunguka vizuri mpaka siku ilipokataa."

Anaizungumzia hadidiski, kijisanduku cha chuma kilichofungwa ndani ya kompyuta, kisichozidi kiganja cha mkono. Humo ndimo zilimo picha karibu zote alizopiga tangu mwaka 2009: harusi, ubatizo, kipaimara, misiba, mahafali na maelfu ya picha za pasipoti.

Philomena ana miaka 46. Ni mzaliwa wa Endagikot, wilayani Mbulu, na ni mama wa watoto watatu. Si mtu wa kuamini haraka. Kabla ya kukubali mahojiano haya alitaka kuona kitambulisho cha mwandishi, akakigeuza pande zote mbili, kisha akapiga simu chumba cha habari kuuliza kama kweli mtu huyo anafanya kazi pale. Alipoambiwa ndiyo, aliuliza pia jina la aliyepokea simu.

Haoni aibu kwa hilo. Mwaka 2019 alinunua hadidiski mjini Arusha, ikiwa kwenye mfuko uliofungwa, akaambiwa ni mpya kabisa. Ilidumu miezi mitano. Ilipokufa ilikwenda na picha za kipaimara za watoto zaidi ya themanini, na wazazi walikuwa wameshalipia. Muuzaji alimwambia waranti ilikuwa ya siku saba.

"Siku saba," anarudia. "Hata kifaranga unakipa muda zaidi ya huo kabla hujajua kama kitaishi."

Alirudi kutumia hadidiski yake ya zamani, aliyoinunua pamoja na kompyuta. Aliiamini kwa sababu moja tu: haikuwahi kumdanganya.

Ndipo ikaja Desemba 2023. Tope na mawe viliposhuka kutoka Mlima Hanang, studio ya Philomena ilisalimika. Jorodom na mitaa mingine ya mji haikusalimika. Watu walipoteza ndugu, nyumba, mifugo, na pia vitu vidogo ambavyo hakuna aliyevihesabu siku zile, zikiwemo albamu za picha.

Wa kwanza kufika studio alikuwa mama wa makamo, Marieta, wiki tatu baada ya maziko. Alivaa kanga za msaada na viatu visivyo vyake. Alimpoteza binti yake, Lucia, aliyekuwa na miaka kumi na tisa.

"Aliniuliza kama huwa nazifuta picha za pasipoti zikishachapwa," anakumbuka Philomena. "Nikamwambia sizifuti. Akasema, basi nitafutie mwanangu, alipiga hapa alipokuwa anaomba chuo."

Ilimchukua robo saa kuipata. Aliichapa kubwa, kwenye karatasi nzito ya picha za harusi, na hakuchukua hela. Marieta aliishika kwa ncha za vidole, akakaa nayo kwenye benchi la wateja mpaka mchana.

Habari zikasambaa. Ndani ya miezi miwili walikuja watu sitini na saba kutafuta nyuso za waliowapoteza. Wapo waliokuja kwa miguu, wapo waliotoka walikohifadhiwa na ndugu huko Gitting. Philomena akaanza kufunga kazi saa tisa alasiri ili apate muda wa kutafuta.

Mwishoni mwa Februari, akiwa katika kazi hiyo, akasikia sauti ndani ya kompyuta. Tik. Tik-tik. Kisha kimya, na skrini ikaganda.

Alimwita Nikolausi, fundi wa kompyuta mwenye kibanda karibu na stendi. Nikolausi ni mtu wa maneno machache, na aliwahi kutunza maabara ya kompyuta ya shule. Aliipima hadidiski kwa dakika kumi, akaona kwamba baadhi ya sehemu zake hazisomeki tena.

"Mama, hii inakufa," alimwambia. "Izime leo. Usiiwashe tena mpaka tupate nyingine ya kuhamishia picha."

"Nyingine ya kutoka wapi?"

"Ninayo moja mpya. Laki moja na themanini."

Hapo ndipo Philomena alipofunga masikio. Anakiri mwenyewe, bila kujitetea sana. Fundi anakuja, anasema chako ni kibovu, na papo hapo anacho kizuri cha kukuuzia? Alimlipa gharama ya kupima, akamshukuru, akamsindikiza mpaka mlangoni. Fundi alipoondoka, Philomena alifungua kasha la kompyuta kuangalia kama hajachomoa kitu.

"Niliwaza kwamba sauti ile ameiweka yeye," anasema. "Ilianza kabla hajaja, nalijua hilo. Lakini nikawaza hivyo hivyo."

Akaendelea kuiwasha. Ulikuwa msimu wa usajili wa mitihani, wanafunzi wamepanga foleni ya picha za pasipoti, na siku nzuri ilimpa shilingi elfu ishirini. Kila jioni aliizima na kujiambia kwamba kama ingekuwa inakufa kweli ingeshakufa.

Wiki ya tatu, siku ya Alhamisi, aliingia Mzee Gidion. Ni mkulima wa ngano na maharage kutoka Jorodom, mwenye miaka sabini na moja, na tope lilimchukua mkewe, Fransiska. Philomena ndiye aliyewapiga picha mwaka 2014, walipoadhimisha miaka arobaini ya ndoa kanisani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nimesikia unatunza."

"Natunza."

"Basi nitazamie ile ya siku yetu. Aliyosimama peke yake, kabla sijaingia."

Philomena aliikumbuka bila kufungua chochote. Alimkaribisha mzee kiti, akafungua mwaka 2014. Majina ya picha yakajitokeza kwenye skrini, moja baada ya jingine, bila sura. Kisha ile sauti ikaanza, safari hii bila kupumzika, na kompyuta ikajizima.

Mzee aliuliza kama ni umeme. Philomena alimjibu kwamba ni umeme.

Jumamosi yake alipanda basi kwenda Arusha akiwa na shilingi laki nne alizoziweka kwa ajili ya mabati. Hata siku hiyo hakukubali kununua kwa Nikolausi.

Duka la kwanza lilikuwa zuri, lenye vioo na viti vya kukalia. Muuzaji alimpa hadidiski ndani ya mfuko wa fedha uliofungwa, stika inang'aa. Philomena aliigeuza kwenye mwanga. Kupitia mfuko aliona matundu ya skrubu yamechubuka kama yaliyowahi kushikwa na bisibisi mara nyingi. Aliona pia kwamba stika ilikuwa na kingo mbili, kana kwamba chini yake kuna nyingine.

"Ichomeke kwenye kompyuta niione," alimwambia.

"Mama, mfuko ukifunguka umeshanunua."

"Mimi siufungui. Fungua wewe."

Walibishana mpaka wateja wengine wakageuka. Hatimaye muuzaji aliichomeka huku akinung'unika, na Philomena akamtaka afungue programu ileile aliyoiona kwa Nikolausi, inayoonyesha hadidiski imefanya kazi kwa saa ngapi. Mpya inapaswa kuwa na sifuri au karibu na sifuri. Hii ilionyesha saa 27,614. Philomena alitoa simu akagawanya kwa ishirini na nne. Ni zaidi ya miaka mitatu bila kuzimwa.

"Hizo namba huwa zinakosea," muuzaji alimwambia.

"Zikikosea zikosee kwako."

Tangu milango ya biashara ilipofunguliwa, anasema Philomena, mtu wa Hanang anaweza kununua kitu kutoka popote duniani. Kujua kitu hicho kimepita mikono mingapi ni kazi ya mnunuzi mwenyewe.

Duka la pili lilikuwa dogo, na mwenye duka aliichomeka kabla hajaombwa. Saa sifuri. Sasa Philomena akashuku sifuri yenyewe. Alikuwa amesikia kwamba wapo wanaojua kuzirudisha namba nyuma. Alisimama pale mlangoni, watu wakimpita, akatafuta katika simu yake mtu wa kumuuliza. Alikuwepo mmoja tu.

Nikolausi alipokea mara ya kwanza ilipoita. Hakuuliza kwa nini yuko Arusha.

"Nitumie picha ya stika," alisema. "Halafu ya ile namba ndefu kwenye programu. Lazima ifanane na ya kwenye stika." Baada ya dakika chache alipiga mwenyewe. "Zinafanana. Na ukiisikiliza haina mkwaruzo? Basi nunua. Ila nunua mbili."

"Mbili za nini?"

"Hata mpya hufa, mama. Inaweza kufa kesho bila kosa la mtu. Moja ikae ndani ya kompyuta, nyingine ikae mbali, na picha zilezile ziwe kote."

"Na ile yako?"

"Ile niliiuzia shule moja wiki mbili zilizopita. Sina nyingine."

Mtu yule alikuwa anamwambia anunue vitu viwili kutoka kwa mtu mwingine, bila kupata hata senti. Philomena alijaribu kutafuta faida yake ilipo, akaikosa. Alinunua mbili.

Kazi ya kuhamisha picha iliwachukua siku mbili. Nikolausi aliiwasha ile ya zamani kwa nusu saa, akaizima ipoe, akaiwasha tena. Kati ya picha elfu arobaini na moja waliokoa zaidi ya elfu thelathini na nane. Zilizopotea karibu zote zilikuwa za nusu ya pili ya mwaka 2014.

"Nilimuuliza, kama ningeizima siku ile uliponiambia, zingepona?" anasema Philomena. "Akasema hajui. Nikamwambia usinionee huruma. Akasema, basi nyingi zingepona."

Kwa kazi hiyo alidai shilingi elfu arobaini. Philomena aliona ni kidogo mno, akamwuliza anatafuta nini kwake. Nikolausi alikunja waya zake akamwambia kwamba bei ni hiyohiyo kwa kila mtu.

Jumapili iliyofuata Philomena alipanda Gitting, alikohifadhiwa Mzee Gidion kwa mdogo wake. Hakutaka kulimaliza jambo hilo kwa simu.

"Umeipata?" mzee alimuuliza kabla hajaketi.

"Sijaipata, mzee. Imepotea. Na siku ile haukuwa umeme."

Akamweleza yote: fundi, onyo lake, wiki tatu za kuchelewa.

"Kwa nini hukumsikiliza?"

"Nilidhani ananidanganya."

"Alikuwa anadanganya?"

"Hapana."

Mzee alitazama shamba. "Kwa hiyo sasa sina hata moja," alisema. Hakumfokea. Philomena anasema angefokewa angelala vizuri zaidi.

Aliporudi Katesh alianza kazi ambayo hakuna aliyemtuma. Kila alasiri, baada ya mteja wa mwisho, alifungua harusi na ubatizo wa watu wengine wa Jorodom, picha moja moja, akiitazama mistari ya nyuma, kona na milango. Fransiska alikuwa mpishi mashuhuri wa sherehe. Lazima mahali fulani alipita mbele ya kamera.

Ilimchukua wiki tano. Katika ubatizo wa mwaka 2017, nyuma ya wazazi na mtoto, yupo mama aliyefunga kitambaa cha njano, ameinama kidogo, uso umegeukia upande. Philomena aliukata upande huo wa picha, akaukuza hadi ulipoanza kufifia, akauchapa.

Safari hii Mzee Gidion ndiye aliyekuja studio. Aliiweka picha karibu na macho, kisha mbali, kisha karibu tena.

"Anaangalia masufuria," alisema. "Hapendi watu wapakue kabla hajaonja."

Akaifunga ndani ya gazeti, akaiweka kwenye mfuko wa ndani wa koti, akauliza ni kiasi gani. Aliambiwa si kitu.

Leo hadidiski ya pili imo kwenye kabati la chuma la dada yake Philomena huko Endagikot. Kila mwezi anaipelekea picha mpya, na kila mara anaipima kabla ya kuitumia, hata kama hakuna aliyeigusa. Nikolausi humpimia bure mara moja kwa mwaka. Philomena hukaa nyuma yake na kutazama kila anachobonyeza.

"Namwamini," anasema, kisha anafikiri. "Namwamini kuliko wengine."

Mpango wake sasa ni kutoka nje ya studio. Ameshaagiza printa ndogo inayotumia betri na kitambaa cheupe cha kutundika ukutani. Anataka kuzunguka vijiji vya Hanang, kisha vya Mbulu, kuwapiga picha wazee ambao hawajawahi kupigwa hata moja, na kuwaachia nakala ya karatasi palepale kabla hajaondoka. Bei itakuwa shilingi elfu mbili, na asiye nazo atapigwa vilevile.

Ataanzia Gitting Jumamosi ijayo. Watu kumi na wanne wamejiandikisha kupitia kwa mwenyekiti wa kitongoji, na Philomena amempigia kila mmoja kuhakikisha kwamba ni kweli yupo. Wa kwanza kwenye orodha ni Mzee Gidion. Amesema atakaa kwenye kiti, na pembeni yake kiwekwe kiti kingine, kitupu.