Hati za Mishahara za Mama Ukosi

Kwa miaka kumi na minne alishona kitu kimoja tu katika kiwanda cha sare: kosi za mashati. Wenzake wakamwita Mama Ukosi, na hata mumewe, dereva wa lori, alilizoea jina hilo. Waliishi na binti yao katika chumba kimoja, pazia likitenganisha kitanda na jiko.

Serikali ilipoanza kukata kila mshahara tozo ya kujengea nyumba za bei nafuu, mumewe aliibeza.

"Hiyo pesa imeota mbawa, mama."

"Iache iruke. Itatua kwetu."

Mwaka wa tatu ulipokwisha, kura ya kugawa nyumba hizo ilimpa nyumba ya vyumba viwili, kwa sharti kwamba athibitishe makato ya miezi thelathini na sita. Kompyuta ya ofisi ya nyumba ilionyesha kumi na tisa; mengine kiwanda kiliyapeleka kwa namba isiyo yake. Alipewa siku saba, la sivyo nyumba ingekwenda kwa mwingine.

Hati za mishahara alikuwa nazo zote, ila alikuwa amezikata. Jioni aliwashonea majirani nguo za watoto, na karatasi zile ngumu ndizo alizozigeuza vipimo vya kukatia vitambaa: mkono wa mtoto wa miaka minane, ukosi wa miaka sita, na vibaki vikawa mifuko.

Siku ya tano aliimwaga bahasha yake mbele ya karani.

"Dada, umeniletea nguo au ushahidi?"

"Vyote, kaka. Anza na mikono. Mwezi uko kwapani, makato yako chini kwenye kifundo."

Karani alicheka, kisha akainama na kuanza kuunganisha. Mfuko ulikutana na mkono, jina likakamilika. Kufikia adhuhuri alikuwa amegonga muhuri miezi kumi na sita.

"Bado mmoja."

"Huo nilimwazima wifi."

"Basi mkimbilie, kabla hajaupunguza."

Kesho yake Mama Ukosi aliuleta, una alama za chaki, tarehe ikisomeka vizuri.

Haya alinisimulia katika chumba cha pili cha nyumba hiyo, ambacho sasa ni cha binti yake. Mezani palikuwa na hati ya mwezi uliopita, ikiwa nzima.

"Siku hizi natoa kopi kwanza," alisema, akauchukua mkasi.