Gobori la Bibi

Shangazi alinipigia simu niende kwake Mboko haraka. Chifu alikuwa ametangaza kila bunduki ipelekwe kwake. Ile tu itakayoonekana haiwezi tena kulia ndiyo ingerudishwa kwa wenyewe. Shangazi alikuwa na gobori la marehemu baba yake, aliyekuwa mwindaji. Mimi natengeneza pikipiki mjini Baraka, basi katika ukoo wetu chochote chenye chuma huwa ni kazi yangu.

"We mutoto, shika polepole," alisema. "Hii njo yenye ilibakia na mama. Bakiikamata, nitabakia na nini?"

Kisa cha bibi na gobori hilo tumekua nacho. Wakati wa vita bibi, mjane tayari, alikataa kupanda mtumbwi kukimbilia ng'ambo ya ziwa. Aliwaambia wanawe waende, yeye ana bunduki. Waliporudi walimkuta mlangoni, mzima, gobori magotini.

Kwanza nilihakikisha halina baruti. Niliingiza kijiti mtutuni mpaka kikagota, nikakilaza kwa nje kupima. Kilifika mwisho kabisa wa mtutu; hamkuwa na kitu ndani. Nikashusha pumzi, nikaanza kusugua kutu kwa kitambaa na mafuta.

Lo! Taji dogo likajitokeza kwenye chuma, na chini yake herufi za kizungu zilizolika. Mtutu ule ulitoka Ulaya, ukapitia pwani na kuvuka ziwa, kabla babu yangu hajazaliwa. Kitako lakini kilikuwa cha kwetu, kimechongwa kwa mkono. Kilipopasuka, mtu alikivika ngozi mbichi ya kenge, ikakaukia pale na kubana mpaka leo. Mimi najiona fundi kwa sababu ya gundi na waya! Nilikipapasa muda mrefu, kazi imesimama.

Kisha nikafika kwenye chuchu, kile kichuma chenye kitundu, kinachovalishwa fataki ili moto uingie kwenye baruti. Kitundu kilikuwa kimezibwa. Nilichokonoa uchafu, ikang'aa sindano ya cherehani, imegongewa humo kwa nyundo mpaka upande wake mnene ukanasa. Haitoki.

"Shangazi, imepona!" nilipiga kelele. "Haiwezi kulia hata kidogo. Chifu atairudisha."

Hakucheka. Aliinama akaitazama ile sindano, akaigusa kwa ukucha.

"Ni mama," alisema. "Mashine ya kushona ilikuwa ya yeye tu. Baba alishakufa, tulikuwa tunachezea hii bunduki tukiwa badogo, mama anatufukuza, anatufukuza. Kisha siku moja akaacha kutufukuza."

Basi wakati wa vita bibi aliketi mlangoni na chuma alichokiua mwenyewe, akawatazama wenye bunduki za kweli wakipita, na hawakuingia.

Shangazi alikaa chini, machozi yakimtoka.

"Miaka yote mi nilijua tulimuacha na bunduki," alisema. "Kumbe tulimuacha peke yake."